Mbuzi Hatoki Hapa

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu kando ya mto Ramisi kilikuwa na zinguo lake, kisomo cha kuukinga mji na mafuriko. Kabla ya masika, mbuzi mweusi alizungushwa mji mzima, maalim wa chuo cha Kurani mbele akisoma dua, sisi watoto nyuma tukipiga kelele zaidi ya tulivyoagizwa. Kwenye kila mlango tuliuliza, "Nani yumo?" Mwenye nyumba aliwataja watu wake wote, hata kichanga, maana iliaminika kwamba asiyetajwa dua haimfuniki. Tulimalizia kwenye kilima cha msikiti, mbuzi akachinjwa, tukala. Mimi, niseme kweli, nilifuata pilau.

Mwaka ule Mama Mwende, Mkamba mgeni kijijini, alikuwa amepanga chumba cha uani kwa bibi yangu, na alikuwa amejifungua karibuni. Bibi aliwataja wa nyumba yake, dua ikasomwa, msafara ukaanza kuondoka. Bibi akaikamata kamba ya mbuzi.

"Maalim, niwie radhi. Mbuzi hatoki hapa. Uani kuna mzazi na mwanawe."

"Lakini Bi Mwanasha, yule si wa dini yetu."

"Hayo maji yakija yatamuuliza dini?"

Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze. Maalim akacheka. "Haya watoto, ulizeni."

Mama Mwende alifungua mlango, mtoto kifuani, akashtuka kuona mbuzi. "Ni mimi na Mwende tu," akasema.

Masika yakaingia. Asubuhi moja Bibi alikuwa amekwenda Msambweni, mimi nikiwa chuoni. Kwetu yalikuwa manyunyu tu. Mvua yenyewe ilikuwa imepiga huko juu, na mto ukafurika ghafla. Hakuna aliyeuliza pa kukimbilia. Miguu yetu ilikwishaizoea njia ya mbuzi.

Kilimani, maalim akaanza kuita nyumba moja moja, kama siku ya zinguo. "Kwa Bi Mwanasha! Nani yupo?"

"Mimi nipo. Bibi yuko Msambweni," nikajibu. Kisha nikapiga ukelele. "Uani! Mama Mwende na Mwende!"

Maalim alikunja kanzu, akashuka na wavuvi wawili. Maji yalikuwa yameugandamiza mlango wa uani, wakauvunja. Nililia nilipowaona wakirudi: Mama Mwende ameshikwa mabega, na maalim yuko nyuma, beseni la kufulia kichwani, na ndani ya beseni, Mwende.

Siku hizi tahadhari huja kwa simu, na kamati ya maafa ya kijiji ina kamba, maboya na kipaza sauti. Navifurahia vyote. Lakini nikiulizwa siku ile tuliokolewa na dua au na kule kutajana majina mlangoni, siwezi kuvitenganisha, wala sijitaabishi tena. Bibi alitaka mtu asisahauliwe, basi. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa ibada.

Masika haya msafara ulifika kwangu, mbuzi mweusi na kipaza sauti pamoja. Mwenyekiti wa kamati akauliza nani yumo. Nikamtaja mke wangu, watoto, na mama mkwe. Nikangoja aende. Hakwenda.

"Na yule kijana wa Lunga Lunga anayelala dukani kwako?" akauliza mwenyekiti, Mwende yule wa beseni, kamba ya mbuzi mkononi.

Nikamtaja.