Jiwe Lililoogopa Ukungu

Mwaka ule wanasayansi walipofanya mkutano kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta, mimi nilikuwa mhudumu wa vyumba. Walikuja kuzungumzia vifaa vya kupimia mionzi. Mgeni wangu alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kutoka Dar, mtu mpole, na alibeba kopo la bati lenye jiwe jeupe linalopitisha mwanga kama kioo.

"Dada, hili ni aina ya chumvi," aliniambia. "Mionzi ikiligusa linatoa mwanga mdogo sana, chombo kinauhesabu. Lakini likipata unyevu, basi tena."

Chumvi naijua. Kwetu Kansay mama aliitundika juu ya meko masika yote, la sivyo ingegeuka maji. Nikaliweka kopo karibu na moto wa chumbani, nikawa nachochea kuni asubuhi na jioni.

Siku ya pili ikapotea beji yake, ile yenye kipande cha filamu ndani, wanayovaa kifuani kujua mionzi imewapata kiasi gani. Meneja hakuuliza mara mbili. Alinisimamisha koridoni mbele ya wapishi, akaniamuru nivue viatu na kufungua kitenge.

"Nyie wa Kansay mna mikono mirefu," alisema.

Beji ilikutwa kwenye koti la mvua la mgeni mwenyewe. Mwalimu aliniomba radhi mpaka nikaona haya. Meneja alisema tu, "Kuanzia leo usiguse kitu kisicho chako," kisha akalichukua kopo likae ofisini kwake, eti kwa usalama.

Nilimchukia. Nilimchukia nikitandika vitanda, nilimchukia nikila.

Asubuhi ambayo mwalimu angeonyesha jiwe lake, niliingia ofisini kufagia. Kopo lilikuwa mezani, kifuniko pembeni. Jana yake meneja alikuwa akiwaringia rafiki zake kwa jiwe lile. Dirisha lilikuwa wazi nusu na ukungu ulikuwa unaingia taratibu. Jiwe lilishaanza kutoka jasho. Kulifunika kungechukua muda wa kupiga chafya. Nikafagia, nikafuta vumbi kulizunguka kopo, nikafungua na upande wa pili wa dirisha.

Mbele ya mkutano mzima chombo hakikuhesabu chochote cha maana. Jiwe lilikuwa limelowa, limeingia manjano. Meneja akanijia mbio.

"Nani kaingia ofisini kwangu?"

"Mimi, bwana meneja. Ila sikugusa kitu kisicho changu."

Midomo ilimcheza. Wapishi walewale walikuwa mlangoni, na sauti niliipandisha makusudi ili wasikie. Kopo lilikuwa chini ya ulinzi wake na aliyeliacha wazi ni yeye. Mwezi haukuisha akahamishwa. Hata leo nikiikumbuka midomo ile, chai inanoga.

Jioni nilipeleka kuni chumbani kwa mwalimu. Alikuwa ameketi kitandani, kopo mapajani. Jiwe lile alilisubiri miaka, alisema, barua kwa barua, na hakuna atakayempa lingine. Kisha akanitazama.

"Wewe ulilitunza vizuri, dada. Bora ningekuachia wewe tu."

Nikainama kuuchochea moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.