Mtungi Ambao Sikuuonja

Andika, mjukuu wangu Kabugho, wala usirembe. Baba yangu alikuwa Bwambale, mama yangu Masika. Nilizaliwa Mahango, mlimani, na shule sikuingia hata siku moja.

Kazi niliianza katika nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya barabara ya Kasese kwenda Bwera: vyumba vinne vya udongo na ukumbi wa pombe. Walilala humo wachimbaji wa mgodi wa Kilembe, askari, na wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Butembo. Siku ya kwanza, Mama Mwenye Nyumba alinikabidhi kibuyu kidogo.

"Hiki si cha mgeni. Kila mtungi ukifunguliwa, unakunywa wewe kwanza, mgeni akikutazama. Ukishindwa, rudi kwenu ukalime."

Pombe yetu ilikuwa tonto. Ndizi ziliivishwa shimoni, zikakanyagwa pamoja na nyasi, na maji yake yakachachushwa kwa mtama uliokaangwa. Mama yule alijua kwa harufu tu kama imeiva.

Adhuhuri moja ya siku ya soko wageni walifurika, nami nikagawa mtungi bila kuuonja. Punde askari mmoja akaanguka, ameshika tumbo.

"Sumu! Mutu anakufa!" alipiga kelele mfanyabiashara mmoja wa Butembo.

Mkubwa wa askari alinigeukia. "Wewe, kuja hapa! Kunywa, mimi naona! Hii nyumba nachoma leo."

Nilichota. Lakini kibuyu sikukipeleka kinywani, kwa kuwa sikujua mtungi ule una nini. Mama Mwenye Nyumba alinitazama usoni, akaelewa kuwa sikuuonja. Alininyang'anya kibuyu, akakimaliza, akaketi mbele ya mkubwa yule.

"Afande, keti, tungoje. Nikianguka, choma."

"Mama, wewe iko na kichwa ngumu."

"Iko. Ndiyo ilijenga hii nyumba."

Tulingoja. Hakuanguka. Mgonjwa ndiye aliyetapika vipande vya muhogo mchungu alioutafuna mbichi njiani.

"Afande," akasema yule wa Butembo, "sasa choma shamba ya muhogo!" Ukumbi mzima ukacheka, na afande naye.

Jikoni Mama aliniambia neno moja: "Kesho, onja." Hakulirudia mpaka alipofariki. Nami nilionja kila mtungi, hadi mikono iliposhindwa kuinua mtungi nikaacha kazi.

Leo pale wanauza bia za chupa. Kibuyu kimo kapuni mwangu. Kichukue, usikitundike ukutani kama pambo. Unapikia watu Bwera: onja kwanza, wakikuona. Na kosa langu usilifute. Aliyelijua alikuwa Mama yule peke yake, na alilinywa pamoja na ile pombe.