Bi Dohani na Mgeni Aliyefuata Ishara

Siku ambazo meli ya watalii inafunga gati, nyumba ya Bi Dohani huamshwa na cherehani. Mama mkwe wake huanza kuikanyaga hata chai haijachemka, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, akimalizia kofia za pama za kitambaa cheupe. Kila kofia ina utepe wa njano unaoonekana kutoka upande wa pili wa mtaa.

"Leo unao wangapi, mwanangu?"

"Kumi na wawili, Mama. Na nimeambiwa wamo wenye vichwa vikubwa."

"Vichwa vikubwa nitavishonea. Vichwa vigumu ni kazi yako wewe."

Jina lake la kuzaliwa watu walikwisha kulisahau. Hata yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo kwenye dirisha la benki, hugeuka kutazama ni nani anayeitwa. Bandarini, sokoni na mtaani kwake ni Bi Dohani basi, kwa sababu ya usemi wake mmoja ambao kila mgeni anayepita mikononi mwake huondoka nao: ukipotea, tafuta dohani ya meli yako, yaani bomba lake la moshi.

Kabla ya hapo alikuwa akiuza miavuli nje ya uzio wa bandari. Lugha za wageni alizichukua palepale, leo salamu, kesho shukrani, keshokutwa matusi ya mteja aliyeuziwa mwavuli usiofunguka. Aliwaona wageni wakishuka wamependeza na kurudi wanachechemea, wamechubuka visigino, wamepandishwa teksi kwa bei ya kununulia tairi. Akajiambia, mbona kazi hii naiweza? Akaomba kibali cha kuongoza wageni. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mara ya tatu alipopewa, alirudi nyumbani mbio, hata miavuli yake hakuikumbuka.

Kibali chenyewe ni beji ya plastiki yenye picha yake, picha ambayo mama mkwe anasema amepigwa kama mtu aliyeulizwa swali na askari. Lakini ni mama mkwe huyohuyo aliyepigilia msumari kando ya kioo cha sebuleni ili beji iwe na mahali pake, na kila jioni huifuta kwa kitambaa kilekile anachofutia miwani. Katika nyumba ile hakuna mtu mwingine mwenye msumari wake mwenyewe.

Asubuhi ile wageni walishuka wakapewa kofia zao. Bi Dohani akapanda juu ya kreti la soda kando ya geti, kama kawaida yake.

"Mimi ni mama yenu mpaka meli ipige honi," alianza. "Tuanze na viatu. Wewe binti, hivyo visigino ni vya harusini. Rudi ukabadilishe, tunakusubiri. Pete na mikufu iacheni chumbani melini, mji wetu hauna haja ya kujua mmeolewa na nani. Bei ya teksi mnapatana mkiwa mmesimama nje. Mkishaketi ndani mmekwisha kushindwa. Mkiona choo kisafi ingieni, hata kama hamtaki. Saa zenu msiziguse, ziacheni kwenye saa ya meli, maana meli haitawasubiri kwa saa ya kwetu. Na mkipotea, msibabaike. Inueni macho mtafute dohani ya meli yenu, ile nyekundu yenye mistari miwili myeupe. Ifuateni tu. Hapa mjini hakuna nyingine kama ile."

Mzee mmoja mrefu aliyesimama mbele alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. "Nyekundu, mistari miwili," akarudia, kama anayepokea amri.

"Alikuwa dereva wa treni," mkewe akaeleza. "Miaka yote hiyo hajapita taa nyekundu hata moja. Huyu ukimwambia asimame, atasimama mpaka aote majani." Bibi huyo alikuwa amejishikiza kwenye fimbo. "Nendeni naye. Mimi na goti langu tutakunywa chai pale kibandani."

Safari ikaanza vizuri. Walipita barabara ya posta, wakaingia maduka ya vitambaa, wakafika stesheni ya zamani ambako kichwa cha treni ya makaa kimewekwa uani kama pambo. Pale dereva wa treni alibaki mdomo wazi. Alilizunguka lile dude, akaligonga kwa kidole, akainama kulichungulia tumboni. Jua lilikuwa linawaka. Muuza maji mmoja, mwanamume wa makamo mwenye upara unaong'aa, akawafuata na ndoo yake ya barafu, wageni wakanunua chupa kama watu wanaozima moto.

Kutoka stesheni wakaenda sokoni, na kila walipokata kona Bi Dohani aligeuka kuhesabu. Yeye hahesabu vichwa. Vichwa huinama, hujificha nyuma ya meza za bidhaa, hufanana na vya watu wengine. Alihesabu kofia. Zilikuwa zimetimia, tepe zote za njano zinameta, naye akaendelea na maelezo yake hana hili wala lile.

Walirudi getini alasiri, wamechoka na wamefurahi. Wageni wakaanza kupanda ngazi ya meli mmoja mmoja. Mwenye goti akatoka kibandani, akawatazama wote wakipita, akatazama tena nyuma yao.

"Wangu yuko wapi?"

"Si yule pale?" Bi Dohani akanyoosha mkono kwenye kofia ya mwisho.

Chini ya kofia ile palikuwa na muuza maji.

"Wewe! Hiyo kofia umeitoa wapi?"

"Nimepewa na yule mzee mrefu, dada. Kasema kichwa chake kimezoea jua, changu kilikuwa kinaungua. Nami nikampa chupa ya bure."

"Na yeye ulimwacha wapi?"

"Palepale stesheni. Alikuwa bado anaongea na lile dude la chuma."

Wakati huohuo honi ya kwanza ikalia, na mkuu wa geti, baba wa watu mwenye masharubu mazito, akatoka ofisini na kalamu sikioni.

"Bi Dohani, kulikoni?"

"Nimepungukiwa mgeni mmoja, mkuu."

Masharubu yakatulia. "Kanuni unaijua. Mgeni akiachwa na meli, beji ya mwongozaji inabaki mezani kwangu. Sikuitunga mimi."

"Naijua."

"Basi unasimama nini? Kimbia!"

Akakimbia. Kwenye maegesho ya teksi alikuwapo shemeji yake, mdogo wa mumewe, kajilaza kwenye kiti cha mbele na miguu nje ya dirisha.

"Loo, shemeji! Leo umenikumbuka. Si ndiye wewe unayewakataza wageni kupanda gari langu?"

"Nawaambia wapatane bei. Washa gari."

"Ndiyo hiyohiyo. Haya, tupatane bei, ukiwa umesimama hapohapo nje."

"Shemeji, nitakumwagia maji ya moto usingizini. Washa gari!"

Akaona uso wake, akaacha utani. Gari likaondoka kabla mlango haujafungwa.

Stesheni walikuta kichwa cha treni peke yake, na mfagiaji akikusanya chupa tupu. Mzee? Ndiyo, alimwona. Aligeuka akakuta wenzake hawapo. Hakumwuliza mtu yeyote. Alisimama pale, akainua macho juu, akatabasamu, akaondoka mwendo wa mtu anayejua aendako.

Bi Dohani akaenda kusimama palepale, mgongo kwenye magurudumu ya treni, akainua macho. Upande wa gati la abiria jengo refu la ghorofa lilikuwa limeziba kila kitu. Lakini upande wa pili, juu ya mapaa ya maghala, ilichomoza dohani nyekundu yenye mistari miwili myeupe.

"Shemeji, pale si gati letu."

"Pale gati la nafaka. Hiyo ni ndugu ya meli yako, imeingia mchana kuja kutengenezwa mashine. Hamkuambiwa?"

"Lakini dohani..."

"Kampuni moja, rangi moja. Tumbo moja hizo!"

Bi Dohani akashika kichwa. Kwa hiyo mzee hakupotea hata kidogo. Alikwenda pale alipoambiwa aende. "Nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe," akasema. "Twende."

Gati la nafaka lilikuwa jeupe kwa vumbi la unga. Katikati ya vumbi hilo, juu ya nguzo fupi ya chuma ya kufungia kamba za meli, alikaa dereva wa treni, mgongo umenyooka, mikono magotini. Wapagazi kadhaa walikuwa wamemzunguka, naye akiwaonyesha kwa mikono jinsi breki ya treni inavyofanya kazi. Hawakuelewa lugha yake hata neno, lakini walikuwa wanacheka mahali panapostahili.

"Ah, mwongozaji!" akasema alipomwona. "Umechelewa. Mimi nimefika mapema. Ila hawa wa melini wamekataa kunipandisha, wanasema hawanijui. Nikawaambia, nyekundu, mistari miwili, mwongozaji wetu amesema hakuna nyingine, na mwongozaji wetu hawezi kukosea. Nikakaa kukusubiri."

"Mzee wangu, nimekosea. Ile si meli yako. Yako iko upande ule, inataka kuondoka."

Mzee akafikiri kidogo. Uso ukamchangamka. "Basi ishara ndiyo iliyokosea," akasema. "Siyo dereva."

Wakamwingiza garini huku wapagazi wakimpigia makofi. Honi ya pili ikawakuta njiani. Bi Dohani aliuma kidole akitazama mbele, na huko nyuma mgeni wake akawa anamsahihisha shemeji.

"Anasema nini huyu?" shemeji akauliza, anakata kona kwa kasi.

"Anasema hukupiga honi kwenye kona."

"Mwambie hii si treni!"

"Anasema hilo ameliona. Treni isingeruka shimo lile."

Bandarini ngazi ya meli ilipaswa kuwa imekwisha kuinuliwa. Haikuinuliwa. Kwenye kidato cha chini kabisa alikaa mwenye goti, fimbo mapajani, mkoba kando yake, ametulia kama mtu aliye sebuleni kwake. Mabaharia wawili walisimama mbele yake na mikono kiunoni. Mkuu wa geti alikuwa pembeni, anachezea masharubu.

"Goti limekataa," bibi alikuwa anawaeleza. "Hapana, msinibebe, mtalitegua. Linataka kupumzika kidogo tu. Lina tabia hiyo."

Alipomwona mumewe akishuka kwenye teksi, akainuka. Akachukua mkoba. Akapanda ngazi yote mpaka juu, fimbo kwapani, hata kamba hakushika.

Baharia mmoja akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama angani. Mzee akafuata, na alipofika juu alisikika akiulizwa, "Na kofia umeipeleka wapi?"

Meli ilipojivuta kutoka gatini, kofia nyeupe zilipunga ukingoni, tepe za njano zinapepea, na huku chini muuza maji naye akavua yake akapunga. Bi Dohani aliketi kwenye kreti lake la soda.

"Je, mgeni ameachwa?" mkuu wa geti akauliza kwa sauti ya kiofisi.

"Hajaachwa, mkuu."

"Basi beji yako naifanyia nini? Hebu vuta pumzi, mama, usije ukaniangukia hapa." Kisha akainama, sauti imeshuka. "Yule bibi, goti lake... kweli lilikuwa linauma?"

"Asubuhi lilikuwa linauma sana."

Masharubu yakaanza kutikisika, na mwisho wake mkuu wa geti akalazimika kurudi ofisini kucheka.

Nyumbani, mama mkwe alisikiliza habari yote mguu ukiwa juu ya cherehani. Habari ilipofika kwenye upara chini ya kofia, alivua miwani akajifuta machozi. Shemeji, aliyekuja kula na kutia chumvi, alisimulia kona moja mara tatu.

"Sasa utafanyaje?" mama mkwe akauliza alipopata pumzi.

"Nitahesabu nyuso, Mama. Na habari ya dohani nimeiacha. Kila kofia nataka unishonee kitambaa kwa ndani, kiandikwe gati la abiria, na namba yangu ya simu chini yake."

"Yako? Wewe simu hupokei. Nitaweka yangu."

"Mama, utaongea nao lugha gani?"

"Ile aliyoongea yule mzee na wapagazi." Akachukua beji, akaifuta pande zote mbili, akaitundika kwenye msumari wake.

Meli iliyofuata, Bi Dohani alipanda tena juu ya kreti. Akasema habari za viatu, za pete, za teksi, za choo kisafi na za saa. "Na mkipotea," akamalizia, "vueni kofia, msome kilichoandikwa ndani, mwonyesheni mtu yeyote. Na ombeni atakayepokea simu awe na subira."

Kijana mmoja aliyekuwa ameinua kamera akauliza, "Lakini pale kwenye teksi wanakuita Dohani. Maana yake nini?"

Kwenye maegesho shemeji alikuwa amekwisha kuegemea gari, ametega sikio. Bi Dohani akamkata jicho, kisha akamwonyesha kijana kwa kidole, juu kule, mahali ambapo dohani ya meli ilikuwa inang'aa juani.

"Ni ile pale," akasema. "Inapendeza sana kwenye picha. Ipigeni, itazameni mtakavyo. Ila msiifuate."