Kasiki ya Bi Shaikha

Kuchoka nimechoka mie, anayetaka kunisema na aseme. Mwaka wa tatu huu tangu tutoke Unguja tuvuke bahari tuje Sidab, maji nateka mwenyewe kisimani, na kila nikirudi mavyaa wangu, Bi Shaikha, yuko mlangoni. "Mashua ya kwetu imefika?"

"Bado, mama."

Kwao ni Musandam, kaskazini kabisa, ndani ya hori. Bahari imepenya baina ya majabali, kina chake nanga haifiki chini, na vyombo vikikimbia dhoruba hujificha humo. Samaki tele, na dagaa wakikauka huuzwa kwa wenye ngamia, wakawalishe. Lakini maji ya kunywa huletwa kwa mashua! Kiangazi wote hufunga nyumba, wakaenda Khasab kuvuna tende. Kwa hivyo kule horini kasiki, mtungi mkubwa wa tende, huwekwa kwanza, ndipo kuta zikajengwa kuizunguka. Mlango ni mdogo, mwizi hawezi kuitoa.

Kiangazi kimoja mume wangu Marhoon hakumpeleka mama yake Khasab, akamleta huku kwetu, ati atibiwe macho. Ikawa ndiyo basi. Ufunguo wa kwao Bi Shaikha bado kauvaa shingoni, na kutwa kucha ni "nyumba yangu, kasiki yangu." Siku moja nikamkaripia: "Kwetu sisi Unguja hakurudiki, mbona mie silii?" Uwongo mtupu. Nnalia sana.

Juzi Marhoon karudi kutoka kaskazini, alikokwenda kununua dagaa. Wachukuzi wakatua kasiki uani.

"Mama, si ulikuwa ukiililia? Hiyo!" Kafurahi, meno yote nje.

Bi Shaikha akaipapasa, tumbo lake, mdomo wake. Kisha akauliza, "Umebomoa ukuta gani, mwanangu?"

Kicheko kikamkauka Marhoon. "Wa kibla, mama. Nyumba yenyewe ilikuwa tupu."

"Haikuwa tupu. Ilikuwa imefungwa."

Lo! Nilimpasulia Marhoon. "Mwanamume mzima huna akili! Mtu kwao, na wewe umekwenda kumvunjia!" Alikaa kizingitini kainama, nami nikamwonea huruma, hasira zikaniishia.

Asubuhi nikaenda kisimani kama kawaida. Nikarudi, Bi Shaikha yuko palepale mlangoni. Nikasimama na mtungi kichwani, shingo inaniuma, namngoja aniulize mashua.

Akanitua mtungi, akaenda kuyamimina maji ndani ya kasiki ile ya tende. Wallahi nilitamani aniulize.