Msiba Ambao Haukufunguliwa

Émérance alipenda vyeo, tusimfichie. Siku za kazi alikuwa mtu wa kuinua na kulaza vikongwe katika nyumba moja ya wazee kule Auderghem, miguuni viatu vya mpira, na aliitwa kwa kengele tu. Lakini Jumamosi, akishajifunga kitenge na kuingia ukumbini Laeken, alikuwa mtu mwingine kabisa. Hapo alikuwa Maman Secrétaire, yaani katibu, wa Mutuelle, chama cha watu wote wa Uvira ya Kongo waishio Brussels, na papo hapo alikuwa Maman Présidente wa Bamama ba Tumaini, chama cha wanawake kilichozaliwa ndani ya Mutuelle hiyo hiyo. Watu walipomsalimu walisita kidogo wakichagua cheo kipi kitangulie, na kule kusita kulimfurahisha kuliko salamu yenyewe.

Siku alipochaguliwa kuwaongoza wanawake, mwenzao mmoja aitwaye Mauwa alisimama akasema waziwazi kwamba mtu mmoja asishike ofisi mbili, achague moja. Émérance alicheka kwa dharau. Ofisi zenyewe zinapigiana simu kila mara, alisema, si afadhali zikae katika kichwa kimoja? Wakampigia makofi. Tangu hapo akawa anamsalimu Mauwa kwa ncha za vidole.

Kwa watu hawa msiba una utaratibu wake. Habari humfikia katibu wa Mutuelle, naye humpigia simu rais wa wanawake. Wanawake huenda siku hiyo hiyo, wakaketi chini na mfiwa, wakampikia, wakalia naye. Hiyo ndiyo kufungua msiba. Kabla hawajafungua, mtu mwingine hagongi mlango, maana ni utovu wa adabu kumfikia mfiwa kabla ya akina mama.

Basi mama yake Mauwa akafariki kule Uvira. Constant, rais wa Mutuelle, alimpigia Émérance simu akiwa kazini, mkono mmoja umemshikilia mzee wa Kibelgiji aliyekuwa anapepesuka.

"Maman Secrétaire, mama ya Mauwa amekufa. Ujulishe bamama, hein."

"Nimesikia, Président. Nitabajulisha."

Akamjulisha nani? Alijijulisha mwenyewe! Rais wa wanawake keshajua, alijisemea, na kwa kidole gumba akaandika kwenye WhatsApp ya Mutuelle kwamba akina mama wameshajulishwa. Akamketisha mzee wake, akaendelea na zamu. Kama katibu, kazi yake ilikuwa imekwisha. Kama rais wa wanawake, alizoea kungoja simu ya katibu, na simu hiyo haikuja, ingetoka wapi? Cheka ukitaka. Wanawake wa Tumaini walingoja rais wao aseme neno. Wengine wote waliwangoja wanawake. Naye Émérance, kwa wiki nzima, hakumkumbuka Mauwa hata mara moja.

Jumamosi, mkutano ulipoanza, Constant alimgeukia mbele ya watu wote.

"Maman Présidente, Mauwa mulimuacha namna gani?"

Hapo ndipo alipojua kwamba hakuna aliyekwenda kwa Mauwa. Damu ilimpanda usoni, masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema ukweli. Lakini ukumbi wote ulikuwa unamtazama kwa heshima, ile heshima aliyoipenda mno.

"Anajikaza," alisema.

"Bon, mkutano ikiisha tunaenda bote."

Émérance akadai kwamba anatangulia kuandaa mahali, akatoka karibu mbio. Ndani ya metro alibaki amesimama ingawa viti vilikuwa wazi.

Mauwa alikaa Koekelberg, ghorofa ya juu. Alifungua mlango mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, godoro limetandikwa sakafuni kwa ajili ya wanawake watakaokuja, vikombe vimefunikwa kwenye sinia. Kila kitu kilikuwa tayari, na hapakuwa na mtu. Émérance hakujua auweke wapi uso wake.

Kabla hajasema lolote, Mauwa akapiga magoti.

"Maman Présidente, unisamehe. Ile maneno nilisema siku balikuchagua, nilikosa. Nimejua ni juu ya ile maneno munaniacha peke yangu. Lakini mama yangu hakukukosea kitu."

Njia ya kutokea ilikuwa hiyo hapo, wazi kabisa. Kiongozi aliyekasirika bado ni kiongozi. Ilitosha kusema yamekwisha, mwanangu, simama. Neno lilimfika mdomoni. Akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti mbele yake na msiba wa mama yake, akamshika mikono.

"Simama, Mauwa. Sikukuwa na kasirani. Nilikusahau."

Mauwa akainuka polepole.

"Ulinisahau?"

"Nilikusahau. Batu banakuja sasa hivi. Nitabaambia bote, mbele yako."

"Apana!" Mauwa alimshika mkono kwa nguvu. "Usibaambie. Unataka bajue kama nililia mama yangu peke yangu, kama muntu hana batu? Ile aibu ni yangu, haiko yako. Ikala hapa chini."

Kengele ya mlango ikalia. Émérance akaketi kwenye godoro kama alivyoambiwa. Wakaingia Constant na wenzake, wanaume na wanawake, chumba kikajaa vitenge na makoti. Wakasali. Kisha Constant akakohoa kidogo, akasema kwamba Mutuelle inashukuru sana Bamama ba Tumaini, maana bila wao mtoto wa watu angebaki na nani katika nchi ya wageni?

Wanawake wa Tumaini wakatazamana. Kila mmoja alidhani ni wenzake waliokuja, yeye peke yake ndiye hakuambiwa, na hakuna aliyetaka kuonekana alikosa.

"Ni kweli," Mauwa alisema, macho yake makavu yakiwa juu ya Émérance. "Balikaa na mimi muzuri."

Watu wakamtaka Maman Présidente aseme neno. Émérance akasimama, akapokea shukrani.