Mikono Baada ya Fatiha

Nakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Pongwe, mwanangu Zuhura, mtoto wa dada yangu, na kila inaponijia najikuta nimekificha kidole gumba ndani ya ngumi. Uliponipigia simu asubuhi hii unalia, ukaniambia mumeo kagongwa na gari akiwa kwenye bodaboda yake, amelazwa, na wazee wa mwenye gari wanakuja kwenu Mabawa leo isomwe Fatiha yaishe, nilikaa chini palepale jikoni. Sasa nakuandikia, usome kabla hawajafika.

Nilikuwa bibi harusi wa juzi, hina haijanitoka kuchani. Mume wangu Hatibu alikuwa anatoka kazini shamba la mkonge kwa baiskeli, lori likampiga kwa nyuma likamtupa mtaroni. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakamfunga plasta, wakamruhusu arudi nyumbani. Mimi nilikuwa naogopa kila kitu. Nikisikia neno polisi najifungia ndani, na mahakama nilidhani ni mahali mtu anaingia hatoki. Hatibu akigeuka kitandani akaguna, nilikuwa natoka uani naziba masikio.

Wageni wakaja. Mzee wa upande wa mwenye lori, kanzu imenyooka kwa pasi, na nyuma yake yule dereva, kijana mdogo, kichwa chini. Wamebeba mchele na sukari. Kwa adabu sikuwa na la kuwalaumu.

"Ajali ni kadari ya Mungu," alisema yule mzee. "Tumekuja tusameheane. Tusome Fatiha, jambo liishe."

Wewe ni mtoto wa pwani, sina haja ya kukueleza. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha limefungwa, na anayelifungua tena watu humtazama kwa jicho jingine. Tukasoma. Tukapangusa nyuso. Dereva alilia kwa kweli, nami nilimhurumia, tena mpaka leo namhurumia.

Mikono haijashuka vizuri, mzee akatoa karatasi iliyokwisha andikwa na kidau cha wino. Imeandikwa kwamba tumesamehe na hatuna madai yoyote tena, si leo wala kesho. "Ni ukumbusho tu wa hili tulilosoma. Mke atie dole gumba awe shahidi, kisha ampelekee mgonjwa atie lake."

Nilichovya. Ningefanyaje? Niliona kukataa ni kuikana Fatiha, na nyumba iliyoikana Fatiha haioni heri. Dole linashuka, mara nikashikwa kifundo cha mkono kwa nguvu. Alikuwa mkwe wangu, Bi Mwanaidi, mama yake Hatibu, ambaye muda wote alikuwa pembeni anavuta tasbihi yake.

"Wee mkazamwanangu! Fatiha tumeshaisoma. Hicho kidole unakipeleka wapi?"

Mzee akabadilika uso. "Bi Mkubwa, mnasoma Fatiha halafu mnaigeuka?"

"Sijaigeuka. Dereva nimemsamehe, Mungu ananisikia. Mguu wa mwanangu sijausamehe, maana sijui utaishia wapi. Na wewe hujui."

Waliondoka bila kumaliza kahawa. Nilibaki nasugua wino kidoleni.

Mwanangu, hofu yenyewe ndipo ilipoanza. Mguu ukavimba. Ukatoa harufu. Homa ikipanda nasema moyoni, ndiyo hiyo, Fatiha inatudai. Nikamwangukia mkwe wangu miguuni amwite yule mzee arudi na karatasi yake. Akaniinua kidevu. "Unamwogopa Mungu, au unamwogopa yule mzee? Lijue hilo kwanza, ndiyo uje uniambie." Siku tuliyomrudisha Hatibu hospitali, mguu ulikatwa.

Bi Mwanaidi hakunipa nafasi ya kulia sana. Alinivuta mkono hadi mjini kwa wakili, mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani. Jambo la kwanza alilouliza ni kama tulitia dole mahali popote. Mkwe wangu akasema hapana. Yule mama akashusha pumzi, akatueleza taratibu kama anafundisha watoto: msamaha ni wetu na dereva, hakuna anayeutangua. Lakini lori lina bima, na bima hukatwa kwa ajili ya mtu kama Hatibu. Karatasi ile ingetiwa dole kabla mguu haujakatwa, bima wangeipepea mbele ya hakimu, na kuibomoa ingekuwa kazi kubwa.

Kesi ilichukua muda. Aliyetuokoa ni yule dereva. Alisimama akasema breki zilikuwa mbovu, na tajiri wake alikuwa anajua. Tukashinda, na kwa fidia ile Hatibu alipata mguu wa bandia na kibanda cha kushona viatu, na ndicho kilichowasomesha wanangu, nduguzo.

Basi nisikilize. Fomu ya polisi ya matibabu, vyeti vya hospitali na picha za ile pikipiki, usimpe mtu zile halisi, mpe nakala. Andika majina ya walioona kabla hawajatawanyika. Ukitoka wodini utakuta vijana wanaojiita mawakili, wanataka usaini hapohapo langoni. Hao ni vishoka, wapite. Wakili wa kweli ana ofisi na leseni ya kazi, na haudhiki ukimwomba akuonyeshe. Muulize mapema atalipwaje, ni ada au ni fungu katika malipo yatakayopatikana, na gharama nani anabeba mkishindwa. Muandikiane, nawe ubaki na nakala yako. Kama hamna kitu, ulizia wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo, wapo. Wala usikae ukingoja apone kwanza, maana madai yana muda wake kisheria, ukipita mlango umefungwa.

Na wageni wa leo uwapokee vizuri. Wachemshie kahawa. Dereva kama anasameheka moyoni mwako, msamehe, hutajuta. Fatiha isomwe, itikia amina kwa sauti wakusikie. Najua utaogopa, mimi mwenyewe naogopa hapa nilipo, na Bi Mwanaidi hayupo tena wa kumshika mtu mkono. Ndiyo maana nakushika mimi kwa maandishi haya.

Mungu amponye mumeo, amrudishe kwenye miguu yake miwili. Akupe ulimi mpole na moyo usiotikisika, na watoto wako wasijue njaa kwa sababu ya haya yaliyompata barabarani. Ukishapangusa uso, mwanangu, mikono irudi mapajani, ikae hapohapo mpaka wageni watoke.