Rhobi Anataka Kwenda Tanga Kulala

Watu wa Kewanja wakikuambia Rhobi ni mkali, waulize leo wamekula wapi. Wamekula kwake. Wamelalamika ugali ni mdogo, wameomba mchuzi wa kuongeza, wameondoka wanachokonoa meno, halafu wanasema mkali! Mimi Judith nimepika naye kibanda kimoja tangu watoto wetu wanatambaa, na nawaambia yule mama si mkali, amechoka. Watu wengi hawajui tofauti.

Kibanda chetu kiko barabarani, upande wa kutokea mgodini. Wateja wetu ni vijana wa dhahabu na wa bodaboda, na hao hawajui kusubiri. Rhobi anafika kukiwa bado giza, anawasha moto, anabandika maharage, ndipo mimi naingia na unga wa chapati. Jioni akitoka hapo anakwenda kukamua, na wakati wa kulima analima. Mume wake alifariki siku nyingi, akamwachia shamba, ng'ombe wachache, binti mmoja anayeitwa Eunice, na shemeji mmoja anayeitwa Waitara. Huyo shemeji subiri kwanza, nitamfikia.

Eunice aliolewa na Maftah. Ni kijana aliyezaliwa Mugumu, lakini ukoo wao ni wa pwani. Babu yake alikuja huku na cherehani akabaki. Maftah alikuwa analeta vitenge hapa kijijini, na sisi tukadhani anapenda biashara, kumbe anampenda binti wa watu. Ng'ombe wa mahari alitoa bila kelele, akamchukua mke wake, wakaenda kukaa Tanga kwenye nyumba ya ukoo. Tangu hapo wimbo ni mmoja: mama aje, mama apumzike, mama aone bahari.

Sasa ngoja nikuambie shida. Kwetu sisi Wakurya, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na kulala chini ya bati moja ndiyo usiseme kabisa. Mpaka wazee wakae, mbuzi achinjwe, maneno yasemwe, ndipo ile haya inalegezwa. Kwa kina Maftah ni kinyume. Mama mkwe kwao anapewa chumba kizuri kuliko vyote na chai anapelekewa kitandani. Eunice alijaribu kupanga ile safari na mama yake kwa simu, wakagombana mpaka wakakatiana, kwa sababu wale ni mama na mwana kweli, wote ni pilipili. Basi Maftah akasema atapanga mwenyewe. Na kwa kuwa hawezi kuongea na mama mkwe wake, akawa anaongea na mimi.

Jamani, hebu fikiria. Simu yangu ni ile ya tochi, inapiga kelele hata bila spika. Rhobi amekaa kwenye ndoo hapo hapo, anachambua mchele, anasikia kila neno. Maftah naye anajua kwamba anasikia.

"Mama Judith, hamjambo? Mpe mama shikamoo yangu."

Mimi namgeukia Rhobi. "Maftah anakupa shikamoo."

Rhobi anaangalia mchele.

"Ameisikia," namjibu Maftah. Miaka mitatu shikamoo ya yule kijana ilikuwa inaishia hapo. Wazee walipoweka mila hizi hawakujua kama kutakuwa na simu, na hakuna aliyekaa kikao kutuambia simu ni uso au si uso. Rhobi aliamua ni uso.

Basi Maftah anapanga. Anasema mama akifika watampeleka Raskazone, pale baharini, jioni, wakae pale juu upepo unapiga, wanywe kitu baridi. Watapita mitaa ya zamani yenye nyumba za kibaraza, taratibu, maana Tanga watu hawana haraka, hata baiskeli zao zinakwenda kama zinafikiria. Watamwonyesha mapango ya Amboni.

"Mwambie mapango sitaki," anasema Rhobi, hajainua kichwa. "Mashimo ya dhahabu niliyoyaona hapa jirani Matongo yananitosha."

"Anasema mapango hataki."

"Basi hakuna mapango," anasema Maftah, na namsikia anacheka kwa adabu. "Sasa yeye angependa siku ya kwanza afanye nini?"

"Kulala."

"Na ya pili?"

"Kulala," anasema Rhobi. "Na ya tatu mwambie najua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mwambie hapa jembe lenyewe hatuna."

Hapo Rhobi alicheka. Nilimwona. Alificha mdomo kwa kanga. Halafu akaniambia nimuulize jambo moja tu, nani huko anawasha moto asubuhi.

Nikauliza. Maftah akajibu kwamba ni yeye, Eunice anakwenda kazini mapema, kwa hiyo chai anapika yeye. Weee! Mwanaume, mzima, na ndevu zake. Rhobi aliacha mchele akatazama nje barabarani muda mrefu, machozi yakamjaa, na mimi nikajifanya natafuta kijiko. Ndani ya miaka yote niliyomfahamu sijawahi kusikia mtu amemwashia moto mwanamke yule.

Kesho yake akaja na begi. Begi dogo la bluu, ndani amekunja vitenge viwili, kanga, na ndala mpya za kutembelea mchangani. Akaliweka chini ya meza ya unga, akasema likae hapo, nyumbani panya wengi. Panya gani! Alitaka kuliona akipika, ndiyo maana.

Sasa Waitara. Yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile tangu kaka yake afariki, kwa hiyo mbuzi wa kulegeza haya lazima aseme yeye achinjwe lini. Maftah alishasema yuko tayari kuja na mbuzi hata leo. Waitara akasema jambo jema, lakini tumalize kupanda. Tukamaliza kupanda. Akasema kuna msiba Susuni, si vizuri kuchinja watu wakiwa na msiba. Msiba ukaisha, akasema kuna mzee anayejua yale maneno, anaumwa mguu. Mguu ukapona. Akasema tungoje mavuno.

Wenye heshima watasema mzee analinda mila. Mimi siyo mwenye heshima kiasi hicho. Waitara alikuwa anakula kwetu kila mchana, sahani imejaa, nyama ya juu, na Rhobi akienda Tanga nani atampikia? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyekaa hamjui aliyesimama. Nilimwambia Rhobi hivyo hivyo. Akaniambia, "Judith, nyamaza. Bila mbuzi siendi. Nitaingiaje kwenye nyumba ya mkwe kama mbwa aliyekuta mlango wazi?" Basi nikanyamaza. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, begi likapata vumbi la unga.

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya soko, watu wengi. Rhobi alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa. Mara nikaona mkono umesimama. Mwiko uko ndani, mkono uko juu ya mwiko, na yeye anaangalia ugali kama mtu aliyesahau unasongwaje. Nikamwita, "Mama Eunice!" Nikamshika bega nikamkalisha kwenye ndoo, ugali nikaumalizia mimi. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu.

"Unaumwa wapi?" nikamuuliza.

"Siumwi," akasema. "Nimechoka tu. Hata usingizi unanichosha."

Waitara akaingia wakati huo huo, akanawa, akakaa. Nikampelekea sahani nikiwa nimekasirika, nikamwambia, "Shemeji, huyu mtu anakwisha. Yule mbuzi?"

Akamega tonge. "Mura, haraka ya nini? Nilisema baada ya mavuno. Na mavuno yenyewe tukishaweka ndani, tutaona." Akachovya, akatafuna. "Rhobi, mchuzi umebaki?"

Umesikia? Tutaona! Na mimi mura, tangu lini nimekuwa kijana wa kiume? Nikarudi kwenye unga wangu nikaukanda kwa hasira, mikono imezama mpaka kwenye viwiko.

Simu ikalia. Ilikuwa juu ya meza, kati yangu na Rhobi, na jina la Maftah linawaka. Ningeweza kujifuta mikono. Kitambaa kilikuwa begani kwangu. Lakini na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mdomo wa watu wengine, nikaendelea kukanda. Ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena.

Rhobi aliniangalia. Akamwangalia Waitara, akaangalia chini ya meza lilipo begi. Akanyoosha mkono, akapokea.

"Mama Judith, hamjambo? Mpe mama shikamoo yangu," ikasema ile sauti laini, kama siku zote.

Kibanda chote kilisikia. Waitara tonge limesimama karibu na mdomo.

"Siyo Judith," akasema Rhobi. "Ni mimi."

Nilidhani simu imekatika. Kisha nikasikia mtu anavuta pumzi, na nadhani yule kijana alikuwa amesimama wima huko aliko, maana alisema taratibu kabisa, kila silabi mahali pake:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Rhobi. "Mbuzi utakuja kuchinja, na nitamla nikiwa nimeshapata usingizi. Lakini mimi nimechoka. Nimechoka hata kuona haya. Njoo unichukue."

"Nije lini, mama?"

"Leo ukiweza."

Akanirudishia simu mezani, akainama, akavuta begi, akalipangusa unga kwa kanga yake. Waitara akasafisha koo, akauliza kwa hiyo kesho atakula wapi. Rhobi alikuwa ameliweka begi mapajani, ameegemea ukuta wa mabati, na macho alikuwa ameshayafumba.